Fundi wa Mikindani na Boksi la Japani

Juzi tulikaa saa tatu uwanja wa ndege wa Mtwara tukisubiri kwenda Dar, mwishowe tukatangaziwa ndege ina hitilafu. Mzee mmoja wa kibaraghashia akasonya. "Ndege imetengenezwa Kanada, iharibike yenyewe? Hao mafundi wetu wameichokonoa."

Watu wakacheka. Mimi nikakumbuka beringi ya pikipiki yangu.

Boksi lilisema Japani, lina hologramu inayometameta, na nililipa bei ya Japani. Fundi wangu wa Mikindani akaitoa, akaizungusha kwa kidole, akaisogeza sikioni. "Mjomba, hii inakwaruza." Boksi hakulitazama kabisa.

Ulaya nako yaliwakuta. Mwaka 2023 iligundulika kwamba AOG Technics, kampuni ya London, iliuza spea kwa maelfu zenye vyeti vya kughushi, nyingi za injini za CFM56, zile zinazofungwa kwenye Boeing 737 na Airbus A320 kibao. Walioshtuka ni mafundi wa TAP, shirika la ndege la Ureno: kipande kinaonekana kikuukuu, karatasi inasema kipya. Wakawauliza Safran wa Ufaransa, watengenezaji wenyewe. Cheti kile, wakajibu, si chetu.

Halafu Januari 2024, Boeing 737 MAX 9 ya Alaska Airlines ikachomoka kipande cha ubavu angani. Bolti nne za kukishikilia hazikuwa zimerudishiwa tangu kiwandani. Kiwanda cha Marekani hicho, si gereji bubu.

Ndiyo maana ukiniambia "ya Kanada" hujanijibu. Niambie nani kaikagua mara ya mwisho, na kama anaweza kusema "hairuki" bila kutetemekea kibarua chake. Kwetu Kusini hilo ni gumu kuliko kwingine. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga, kila mwenye mgonjwa au mzigo aliitazama ndege tu. Siku kama hizo fundi anasukumwa na kila mtu, mpaka abiria. Mimi mwenyewe, nakiri, saa ya kwanza nilikuwa nanung'unika.

Mzee akaniuliza kama nina haraka.

"Harusi ya mdogo wangu kesho, mzee wangu."

"Basi kapande basi."

Nikatazama saa. Nikaenda kununua maji, nikarudi kukaa.