Jamani mwacheni Stromae apumzike

Eti mashabiki wa huyu mwanamuziki wa Ubelgiji wamechoka kumsubiri tangu afute ziara yake 2023, wengine wanamwita mvivu, hapana jamani hiyo siyo haki kabisa. Huyu 2015 alikuwa huku kwetu Afrika kwenye shoo zake, dawa ya kukinga malaria, ile Lariam, ikamvuruga kichwa mpaka shoo ya Kigali ya mwezi wa 6 ikafutwa, na Rwanda ndo kwao marehemu baba yake aliyeuawa kwenye mauaji ya kimbari ya 94, hebu fikirieni uchungu wake. Na bado Oktoba alirudi akaimba!

Na kumsubiri mbona tumezoea, toka albamu yake ya 2013 mpaka ya 2022 ni miaka 9. Ile Januari 2022 mtangazaji wa TF1, ile televisheni ya Ufaransa, kamuuliza kuhusu upweke, yeye akajibu kwa kuimba palepale kwenye taarifa ya habari kwamba amewahi kuwaza kujiua. Mi nilikuwa kitandani na simu, chaji asilimia 4, sikunyanyuka kutafuta chaja mpaka amalize, Kifaransa chenyewe sikijui nasoma tafsiri chini huku machozi yananitoka. Mtu akishakwambia hivyo unamdai albamu ya nini tena? Apone kwanza, mi namsubiri tu.