Nyumba ya Bure ya Saisi Si ya Bure

Kutoka kwetu Lamu, Langoni, Mkomani, hata Matondoni, ujumbe unaonijia ni karibu ule ule: "Kaka, nimeona tangazo la kazi ya kutunza farasi Uingereza. Mshahara mdogo, lakini nyumba bure. Niombe?" Wanaouliza wamekua na punda. Wanajua kwato iliyooza inanukaje, wanajua mnyama akiumwa na tumbo anasimamaje, na mavi hayawatii kinyaa. Kazi yenyewe wataiweza. (Mambo ya viza wasiniulize mimi, nilikuja kwa ndoa, na mke wangu ni saisi, yaani mtunza farasi, tangu usichana wake.) Mimi huwauliza kuhusu hiyo nyumba. Iko wapi, ufunguo anashika nani, na siku kazi ikiisha utalala wapi?

Mazizi ya farasi wa mashindano huku ni mahali pa fedha. Farasi mmoja wa kuruka viunzi anaweza kununuliwa kwa bei ya nyumba. Chini ya kwato zake pametandikwa mikeka ya mpira, juu yake vumbi la mbao lililo safi. Akitoka mazoezini huoshwa, kisha husimamishwa chini ya taa za joto mpaka mgongo ukauke. Ana blanketi la baridi, la mvua na la safarini. Ana daktari, ana fundi wa viatu, ana hata mtu wa kumtazama meno.

Saisi wake, mara nyingi msichana wa miaka 19 au 20, yuko kazini kabla ya saa moja asubuhi. Analisha, anatoa samadi kwa toroli, anawapeleka farasi malishoni, anawarudisha, anawapiga brashi, anasafisha matandiko na hatamu, anafagia ua. Kesho yake kukiwa na mashindano, ataketi usiku akisuka singa za farasi, kisha alfajiri apande lori, na huenda akalala humo humo siku zote za mashindano. Hata siku ya kawaida, saa tatu au saa nne usiku inabidi azunguke tena kila banda kuhakikisha wote wana maji na hakuna aliyelala vibaya. Huo mzunguko wa usiku mazizi mengi hayauandiki kuwa kazi. Unaishi hapo hapo, husemwa, ni hatua chache tu.

Mazizi yetu ya kwanza, mimi na mke wangu, yalikuwa kusini mwa Uingereza. Tulipewa karavani kuukuu nyuma ya lundo la samadi. Kuta zilitoa jasho usiku kucha na pembe zote zilikuwa na kuvu. Januari bomba liliganda, tukawa twachota maji kwenye ule mfereji wa farasi, ambao ulifungwa vizuri usigande. Sheria ya huku inataka vyombo vya gesi kwenye nyumba ya kupangisha, karavani zikiwemo, vikaguliwe kila mwaka na fundi aliyesajiliwa, kwa sababu hewa ya kaboni monoksaidi huua mtu usingizini bila harufu. Cheti cha ukaguzi hatukukiona. Kwa upande mwingine, banda la farasi jike aliyekaribia kuzaa lilikuwa na kamera, na tajiri aliitazama kwenye simu yake kila saa. Simlaumu farasi. Yeye hakuomba kamera.

Baridi mtu huizoea. Mimi nilishindwa na jambo jingine: kulala kwenye kitanda ambacho ni mali ya yule yule anayekulipa. Mlango ukigongwa saa saba usiku huwezi kusema hupo. Siku yako ya mapumziko ukifungua pazia, tajiri anakuona kutoka jikoni kwake, na anayeonekana hupewa kazi. Ukiumwa, unaumwa mbele yake. Ukitaka kulalamika kuhusu saa za kazi unapima kwanza utahamia wapi, kwa sababu mtu anayekaa kwenye nyumba ya kazi huku kwa kawaida hahesabiwi mpangaji. Haki yake ya kukaa imefungwa na ile kazi. Kulikuwa na msichana tuliyefanya kazi naye ambaye alimleta farasi wake mwenyewe, akaahidiwa banda kama sehemu ya malipo. Walipokosana na tajiri aliondoka na nguo zake ndani ya mifuko ya takataka, na akawa anatafuta malazi mawili, lake na la mnyama. Na lile banda, kisheria, halikupaswa kamwe kuhesabiwa ndani ya kima cha chini cha mshahara wake. Kitu pekee kisicho pesa ambacho mwajiri anaruhusiwa kukihesabu ni malazi, nayo yana kikomo.

Hicho kikomo ndicho ninachowaandikia vijana kila mara, maana hakimo kwenye matangazo. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, mtu wa miaka 21 na zaidi hakutakiwa kulipwa chini ya pauni 12.21 kwa saa. Wa miaka 18 hadi 20 ilikuwa pauni 10. Malazi mwajiri aliweza kuyahesabu kwa pauni 10.66 kwa siku, yaani 74.62 kwa wiki, basi. Sasa chukua saisi mtu mzima anayefanya saa 55 kwa wiki, jambo la kawaida kabisa kwenye mazizi. Kwa viwango hivyo, mshahara wake kabla ya kodi ya serikali ni pauni 671.55. Toa malazi, zinabaki 596.93. Tangazo likikwambia pauni 350 na karavani ya bure, ujue hiyo karavani inakugharimu karibu pauni 250 zaidi kila wiki, na kwa fedha hizo ungepanga chumba chenye kuta kavu.

Matajiri wana njia za kuikwepa hesabu hii. Wapo wanaokwambia umejiajiri mwenyewe, ingawa unafanya kazi kwao peke yao, kwa saa wanazopanga wao, kwa vifaa vyao. Hivyo likizo huna na ukiumwa hulipwi. Wapo wanaokupa karatasi siku ya kwanza uridhie kuvuka kikomo cha wastani wa saa 48 kwa wiki, nawe unatia saini kwa kuwa begi lako tayari liko ndani ya karavani. Chama cha masaisi, British Grooms Association, kipo tangu 2007 na hakijachoka kuyapigia kelele mambo haya. Serikali ya huku inaweza kumdai mwajiri malimbikizo ya miaka 6 nyuma. Mlango upo, na kuubisha ni bure. Lakini wangapi watambishia tajiri wakiwa wamelala kwake?

Yapo mazizi mazuri, nisiyafiche. Nimeona masaisi wakipewa nyumba yenye joto, zamu za usiku zikiandikwa na kulipwa, likizo ya wiki 5.6 ikitolewa bila manung'uniko. Ninapofanya kazi sasa ni hivyo, na bado niliikataa nyumba yao. Tumepanga kijumba mjini, kodi inakula sehemu kubwa ya mishahara yetu, na asubuhi naendesha gari gizani kwenda kazini. Mwajiri alishangaa. Nilimwambia napenda kuendesha gari.

Nduzangu wa Lamu wakisoma hapa watasema, ndiyo Wazungu hao. Ngojeni kwanza.

Sheria ya Kenya, kwenye jambo hili la nyumba, imeandikwa vizuri kuliko ya Uingereza. Mimi nilishangaa nilipoisoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa, karibu na kazi au hapo hapo, au ampe fedha za kodi ya nyumba juu ya mshahara. Juu yake, si ndani yake. Amri za mishahara zinaweka posho hiyo kuwa asilimia 15 ya kima cha chini. Kuna mwanya: mkataba ukisema mshahara umejumlisha kodi ya nyumba, yamekwisha. Lakini tazama tofauti. Uingereza mwajiri anaruhusiwa kukata kwa ajili ya kitanda. Kenya anatakiwa kuongeza. Maji safi nayo yamo, kifungu cha 32. Siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, imo. Likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, imo.

Haya, nionyesheni kijana wa punda Lamu anayepata hata moja ya hizo.

Mji wetu hubebwa na punda. Mchanga, mawe, saruji, mitungi, jokofu la bibi harusi, vyote hupita vichochoroni kwa mgongo wa punda na mguu wa kijana. Punda ana zahanati yake ufukoni tangu 1987, ya The Donkey Sanctuary, shirika la hisani la Uingereza, anatibiwa bila malipo, na mwenye kumfunga kwa kamba inayomchubua atasemwa hadharani. Kuna hata mashindano ya punda waliotunzwa vyema, na wenye punda hupewa zawadi. Mimi nimekulia kwenye zahanati hiyo, nikishika masikio ya punda wakidungwa sindano, na siipunguzii shukrani hata chembe. Ila sijaona bado mtu akikagua anakolala kijana aliyempeleka punda.

Kwa ami yangu, mwenye punda, vijana wake wanalala chini, kwenye chumba cha magunia. Vijana wenyewe wengi wametoka bara na Tana, hawana kwao mjini. Hulipwa kwa safari, siku isiyo na mzigo haina kitu, na mkeka ndio unaitwa fadhila. Nyumba nyingi za mawe zilijengwa familia ikikaa juu na watumwa wakilala chini pamoja na shehena. Hilo tunalijua na hatulisemi, kwa kuwa wageni huja kupiga picha zidaka za ukutani na milango. Uingereza nao masaisi walilazwa juu ya farasi, darini. Kila mji umechagua ghorofa yake.

Nilimpigia ami simu nikamwambia haya, kwa adabu, ni mkubwa wangu. Alicheka kwanza. "Hawa ni wanangu. Hula kwangu, hulala kwangu. Yeo wanifunda sharia, mwanangu?" Na si uongo, hula kwake. Mmoja alipovunjika mkono ami alilipa hospitali yote na akamlisha mpaka akapona, jambo ambalo tajiri wangu wa kwanza asingelifanya hata kwa ndoto. Huo utu naujua na huku nimeukosa. Lakini mwana hurithi, ami. Mwana hawezi kuambiwa Ijumaa kwamba Jumamosi asirudi. Na mwana hulala juu.

Shela na Malindi ni hivyo hivyo, tena bila hata huo undugu. Majumba ya kupangisha watalii, bwawa mbele, na mpishi na mlinzi wamepewa chumba nyuma kando ya jenereta na pampu ya maji. Msimu ukiisha mshahara hukatwa nusu, na wanaambiwa washukuru chumba wameachiwa. Mwenye jumba hilo akiwa Mwingereza au Mwitaliano tunamsema. Akiwa wa kwetu tunanyamaza. Mimi ningewaambia wote mamoja: mpeni mtu posho yake, akalale kwao Langoni au Maweni au anakotaka, aje kazini asubuhi kama mtu aliyetoka kwake. Gharama yake kwa nyumba inayopangishwa kwa bei zile ni ndogo mno hata kuijadili ni aibu.

Ami hajanipigia tangu siku ile. Ila mmoja wa wale vijana, sijui namba yangu aliipata kwa nani, ameniandikia juzi kuuliza hicho kifungu cha posho ya nyumba ni cha ngapi. Nimemjibu ni cha 31, na aombe mkataba kwa maandishi kabla hajakitaja.