Mgonjwa si tarishi wa hospitali

Wodini kwetu hapa Manchester kumebandikwa ramani ya wodi yenyewe, imechorwachorwa kwa kalamu nyekundu. Kila mstari ni safari moja ya muuguzi ndani ya zamu: kitandani hadi kabati la dawa, kabatini hadi stoo, stoo hadi kwenye kompyuta, kisha kurudi tena. Mwenzetu mmoja alipewa kazi ya kumfuata tu na saa mkononi, asimsaidie wala asimsemeshe. Mistari ilipokamilika, upande mmoja wa karatasi ulikuwa mwekundu mtupu, na sote tukaona kwa macho yetu kwamba tunakata wodi nzima kufuata glavu na sindano. Wiki hii kabati limehamishwa. Aliyesema lihamie wapi ni mama anayesafisha wodi, kwa maana yeye ndiye anayetuona tukipishana siku nzima. Meneja alimsikiliza, akaita fundi, kabati likahama.

Nilifurahi sana. Halafu njiani kurudi nyumbani furaha ikageuka uchungu, kwa sababu mimi ni mtu wa Kisauni, uuguzi nimesomea KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, hapo hapo Mombasa, na ninajua kwetu nani anatembea. Kwetu ukitaka kuchora mistari myekundu, usimfuate muuguzi. Mfuate mgonjwa.

Njia yake mnaijua. Dirisha la kadi, benchi, daktari, keshia, maabara, benchi, kwa daktari tena, keshia tena, duka la dawa, na hapo uambiwe hii hatuna, kanunue nje. Kila kituo kina foleni yake, na kila foleni unaianza upya kama vile hukuwahi kupanga popote tangu asubuhi. Nilipokuja likizo nilimpeleka mama mdogo hospitali moja ya umma, jina silitaji. Ana sukari, miguu imevimba. Alipotolewa damu alikabidhiwa chupa yake mwenyewe mkononi, imetiwa ndani ya glavu na kufungwa fundo, akaambiwa, “Mama, peleka maabara, jengo la pili, ukifika bisha dirisha.” Kuingia maabara ni kupanda ngazi. Mama mdogo akasimama chini ya ngazi, chupa mkono mmoja, risiti mkono wa pili, buibui amelikanyaga kwa kandambili, na hana mkono uliobaki wa kushikia ukuta. Mimi nilikuwepo, nikampokea. Lakini walikuwepo na wengine waliokuja peke yao, wameshika glavu zao vilevile, wakiulizana maabara iko wapi.

Sista aliyemtuma simlaumu. Alikuwa peke yake na foleni imefika uani, na aliongea na mama mdogo kwa adabu zote. Ninaloulizia ni utaratibu uliomfanya mgonjwa awe tarishi wa hospitali, abebe damu yake, faili lake, majibu yake na risiti zake, apeleke habari kutoka chumba hiki hadi kile, kana kwamba vyumba hivyo ni vya serikali mbili tofauti. Na sisi ni watu wa bandari! Kontena likishushwa Kilindini lina namba, na mwenye mzigo aliyeko Kampala anajua limefika wapi. Faili la mama mdogo lilipotea kati ya majengo mawili yanayotazamana.

Najua nitakayojibiwa. “Huyu keshaonja Ulaya, sasa anatuona washamba.” Ndugu zangu, la. Hospitali za huku zina aibu zao na mimi ni shahidi. Kuna lengo liliwekwa tangu miaka ya 2000, kwamba mgonjwa wa dharura aonwe na kumalizwa ndani ya saa 4: atibiwe aende zake, au alazwe. Lengo lilipoishia ni kwamba asilimia 95 ya wagonjwa wamalizwe ndani ya muda huo, na kitaifa halijafikiwa tangu 2015. Nimewahudumia wazee waliolala kwenye machela koridoni, bila hata pazia, na nimeona haya kuwavua nguo za kuwaosha mbele za watu. Kwa hiyo sijaja kuwauzia pepo. Tofauti ninayoiona ni moja: hapa kusubiri kwao kumeandikwa. Kila mwezi takwimu zinatangazwa, magazeti yanapiga kelele, waziri anaulizwa bungeni. Kwetu mtu akikaa benchini tangu alfajiri hadi alasiri, kukaa kwake hakumo katika kitabu chochote. Sasa ukienda kulalamika, utalalamika kwa karatasi gani?

Wa pili ataniambia, “Wenzetu wana pesa.” Wanazo, sikatai. Hapa damu ya mgonjwa inasafiri kwa bomba la hewa. Unaitia ndani ya kopo la plastiki, unalisukuma kwenye tundu la ukutani, linafyonzwa kwa mvumo, na maabara wanalipokea kabla hujamaliza kunawa mikono. Mimi sidai bomba. Nadai trei. Trei, mtu mmoja wa kupita kila nusu saa akikusanya chupa, na daftari la kutia saini. Tangu 2023 ipo sheria inayoziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato zinayoyakusanya na kuyatumia, kwa hiyo hata trei haihitaji kusubiri mtu wa Nairobi.

Na kuna mambo ambayo hayagharimu hata shilingi. Kwa nini kliniki nzima ya sukari inaandikiwa kadi za saa mbili asubuhi, watu wote, siku moja? Daktari ni mmoja. Mtu wa Likoni inabidi adamke gizani awahi feri, afike, akute wenzake wa Changamwe na Mshomoroni wamekwisha kujaa, kisha aonwe saa sita na tumbo tupu, naye ana sukari. Waandikie wengine saa mbili, wengine saa nne, wengine saa sita. Kalamu ni ileile. Serikali yetu yenyewe imeshaonyesha inaweza: tangu 2013 ukiingia kituo cha Huduma unapewa tikiti yenye namba, unakaa, namba inaitwa. Anayefuatilia kitambulisho anaitwa kwa namba akiwa amekaa, na mwenye miguu iliyovimba anagombania dirisha!

Wa tatu ndiye mgumu, na ninamheshimu. Huyu atasema, “Wauguzi hawatoshi, madaktari wanagoma, wewe mwenyewe uliondoka.” Kweli tupu. Madaktari waligoma siku 100 kati ya Desemba 2016 na Machi 2017, wakagoma tena siku 56 mwaka 2024, na walikuwa na haki ya kudai. Na mimi niliondoka, kama walivyoondoka wengi, na serikali za Kenya na Uingereza zilitiliana saini makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021. Lakini uchache huo ndio unaonifanya niandike. Muuguzi aliye peke yake ndiye ambaye hatua zake hazifai kupotea. Anapoulizwa mara mia kwa siku “Sista, maabara wapi?” na “Sista, majibu yangu yameletwa?”, hizo ni mara mia ameachia kazi aliyosomea. Rangi ya kijani sakafuni ya kuonyesha njia ya maabara ingemjibia nusu ya maswali hayo.

Linaloniudhi zaidi ni kusikia kwamba utafiti wa namna hii ni mambo ya wazungu. Huu utafiti umefanywa kwetu! Kilifi, mwendo wa matatu kutoka Mombasa, pana kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na Wellcome, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti, tangu 1989, na dunia inakisoma. Watafiti wa mpango huohuo walichukua hospitali 8 za wilaya za Kenya kutazama namna watoto wanaolazwa wanavyohudumiwa. Nne zilipata mafunzo ya siku 5 na nusu, wasimamizi wa kuwarudia, taarifa ya jinsi wanavyoendelea, na mtu wa hapohapo hospitalini wa kuwafuatilia. Nne nyingine zilipewa miongozo ileile na mihadhara ya siku moja na nusu. Baada ya miezi 18 kundi la kwanza lilikuwa limewaacha wenzao mbali kwa ubora wa huduma. Matokeo yalichapishwa 2011. Na jirani zetu wa Ifakara, Tanzania, hospitali yao ilikuwa moja kati ya 8 duniani zilizojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kusomwa kwa sauti chumba cha upasuaji: mgonjwa ni nani, tunapasua wapi, vifaa vimehesabiwa? Mambo 19 kwenye karatasi moja. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba kwa jumla ya hospitali hizo vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Leo orodha hiyo inasomwa hapa Manchester kabla ya kisu kushikwa, na mimi nikiisikia najua Ifakara imo ndani yake.

Kwa hiyo tuna ushahidi wa nyumbani. Tunachokosa ni kule kurudi. Sisi Mombasa tunazijua semina kuliko mtu yeyote, maana zinafanyiwa kwetu: hoteli ya Nyali, mabango, chai ya saa nne, posho, cheti, picha ya pamoja. Anayeitwa ni mkubwa wa idara. Sista wa dirishani, mtu wa rekodi, keshia, mfagizi, hao hawaitwi, na wao ndio wanaojua faili hupotelea wapi. Jumatatu mkubwa anarudi na begi la semina, na chupa ya damu inaendelea kubebwa na mwenye damu. Zile hospitali 4 hazikuishia kwenye mafunzo: kulikuwa na mtu wa kurudi kuuliza jambo lile tulilofundishana limefika wapi. Mafunzo yafanyiwe kwenye koridoni lenyewe, chini ya ngazi zile zile, na waliovaa sare.

Mtasema, basi rudi ufanye wewe. Nimesikia. Desemba nakuja likizo, inshallah. Hospitali yoyote ya umma, kuanzia Tudor hadi Port Reitz, itakayoniruhusu kumfuata mgonjwa mmoja tangu dirisha la kadi hadi duka la dawa, nitakuja na saa yangu, karatasi yangu na kalamu yangu nyekundu. Sitaki nauli wala posho. Nataka nipewe wanafunzi wawili wa KMTC wa kufanya nao kazi hiyo, ili mimi nikiondoka wao wabaki wakiifanya, na nataka siku ya kuonyesha ramani mfagizi na keshia wawe ndani ya chumba, wamekaa, na wapewe nafasi ya kusema kwanza.