Kabureta au EFI? Usifunge nusu

Corolla langu ni KE70 la mwaka 1982, lile la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, rangi ya maziwa iliyoanza kugeuka chai. Injini yake ya 4K ilipochoka kabisa, hata kilima cha Nakasero mjini Kampala nikawa nakipanda kwa gia ya kwanza huku boda zinanipita na abiria wawili wawili, kila ninayemjua akageuka mshauri: nifunge injini nyingine ya kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa bila kompyuta, au ya EFI, ambayo petroli hupulizwa kwa amri ya kompyuta? Shemeji yangu ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote: "Tia injini ya 5K ya kabureta umalize kazi. Ukikwama Lyantonde, njiani kwenda Mbarara, saa tano usiku, nani atakusomea kompyuta?"

Swali lake si la kijinga, na kwa muda lilinikaa kichwani. Lakini nadhani watu wengi wanaosifu kabureta wanasifu ile waliyoikuta utotoni, ikiwa bado mpya. Hiyo haipo tena. Siku moja pale Ndeeba fundi aliniita, akashika kwa vidole viwili ule mhimili wa chuma unaozungusha kipepeo, kile kibati cha kufungulia hewa, cha kabureta yangu, akautikisa. Ulicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Pale unapocheza ndipo hewa inapojipenyeza, na hewa ikiingia kwa njia ya wizi, unaweza kukaza skrubu za sailensa, yaani za mwendo wa injini gari likiwa limesimama, mpaka jioni na gari bado litakuzimikia kwenye taa. Ukienda Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kutafuta nyingine, utapewa ama iliyotumika, yenye jino lile lile, ama mpya ya kuigiza ambayo namba iliyochorwa kwenye jeti, kile kipande chenye tundu la kupimia petroli, na tundu lenyewe havijuani.

Halafu kuna joto. Injini za K zina manifoldi ya kuingiza hewa na ya moshi upande mmoja, kabureta imekaa juu ya moto kama sufuria jikoni. Kaa kwenye foleni ya Clock Tower saa nane mchana, zima gari kidogo, kisha jaribu kuliwasha. Petroli imeshachemka humo ndani. Nimeshalowesha kitambaa kwa maji ya kunywa nikafunika pampu ya petroli ipoe, abiria wangu wananitazama kama mganga.

Na kuna Kabale. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Kabale inakaribia 2,000. Hewa ya kule ni nyepesi, lakini kabureta haina habari, inamimina petroli kwa kipimo ilichozoea huku chini. Nikifika kwa wakwe plagi ni nyeusi kama zimetoka kwenye mkaa. EFI ina sensa ya hewa, inajipunguzia yenyewe petroli kadiri unavyopanda. Kwangu mimi, mtu wa kwenda Kabale kila Krismasi, hilo peke yake lilitosha.

Hata hivyo shemeji nitampa haki yake, kwa sababu niliwahi kukwama Lyantonde kweli, na usiku kweli. Aliyenitoa hakuwa fundi wa magari. Alikuwa kijana wa kutengeneza bodaboda, na kibanda chake hakina hata mlango. Alimulika tochi ya simu, akacheka, akasema, "Mzee, si hii ni pikipiki ya Boxer kubwa tu?" Akafungua bakuli la kabureta, chini kukawa na maji na kutu nyekundu. Akatoa jeti, akaipuliza kwa mdomo, akaitazama kwenye mwanga, akapuliza tena. Dakika arobaini nikawa barabarani. Watu husema mafundi wa kabureta wamezeeka na wanakwisha. Uganda hawakwishi, maana kila kituo cha biashara kina boda, na Boxer nyingi bado zinakunywa kwa kabureta. Jambo hilo sijaona mtu akiliandika, na ndilo linalompa shemeji nguvu kuliko hoja zake zote.

Lakini hapo hapo Lyantonde, hesabu magari yaliyoegeshwa. Noah, Wish, Premio. Yote ni EFI, na yote huharibika, na yote hutengenezwa. Kijana mwenye mashine ya kusoma namba za hitilafu kutoka kwenye kompyuta ya gari yuko Masaka, yuko Mbarara, na sensa zake hazitoki mbali.

Niliposema basi ni EFI, nikafanya kosa ambalo ndilo limenifanya niandike haya. Nilichagua 7K-E, injini ya lita 1.8 ambayo Toyota iliifunga kwenye LiteAce na TownAce. Ni ukoo mmoja na 4K, na giaboksi yangu ya zamani iliipokea bila matusi. Uamuzi huo siujutii. Kosa lilikuwa kununua injini peke yake. Muuzaji wa duka moja la vipuri aliniambia kompyuta "utapata yoyote". Waya zilikuwa zimekatwa kwa koleo, shubiri moja kutoka kwenye soketi, rangi zimefifia. Miezi mitatu fundi wa umeme aliunga waya huu na ule, gari likiwaka asubuhi na kukataa mchana. Mtu akiniuliza wakati ule ningemwambia EFI ni laana. Siyo. Laana ni EFI ya nusu. Afadhali kabureta mbovu, maana ubovu wake unaonekana kwa macho.

Mara ya pili niliomba gari zima la kukatwa, likawashwa mbele yangu, nikasimama hapo mpaka injini, kompyuta, waya wote na soketi zake, sensa, hata kanyagio la mafuta na kebo yake, vikapakiwa pamoja. Ilikuwa ghali zaidi. Wiki mbili tu na gari likatembea.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni tanki. Pampu ndogo ya kabureta husukuma kwa pauni tatu hadi tano kwa inchi ya mraba. EFI inataka arobaini na kitu, kwa hiyo unahitaji pampu ya umeme, bomba zinazohimili, na bomba la kurudishia petroli tankini. Hayo fundi anayajua. Asichokijua ni tabia yetu ya kuweka mafuta ya elfu ishirini, lita nne hivi, na kesho tena elfu ishirini. Tanki langu halina vizuizi ndani vya kushika petroli isikimbie. Ukikata kona petroli yote inakimbilia upande mmoja, na pampu inavuta hewa. Kabureta ingevumilia, ina akiba yake kwenye bakuli. EFI haivumilii hata sekunde mbili. Isitoshe, pampu ya kuzama tankini hupozwa na petroli hiyo hiyo, na ikizoea kukaa kavu inaungua. Nilichoma moja kabla ya kuelewa. Tulifungua tanki, tukachomelea kikombe cha bati kuzunguka pampu, na mimi nikajifunza kutoshuka chini ya robo.

Kama gari lako ni la Jumapili na harusi, linalala chini ya turubai wiki nzima, baki na kabureta. Na kama ni Peugeot 404 iliyo kamili, tafadhali usiiguse kabisa. Ingawa nacheka nikisikia EFI ikiitwa uharibifu wa gari la zamani: hiyo hiyo 404 iliuzwa miaka ya 1960 pia na mfumo wa Kugelfischer, pampu ya chuma ikichoma petroli kwa sindano, hakuna kompyuta.

Desemba iliyopita nililiwasha Kabale alfajiri, ukungu bado umelala bondeni, ufunguo mara moja. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Hakusema kitu. Kwenye buti nabeba rilei mbili, fyuzi na pampu ya akiba, na ile kabureta ya jino bovu aliichukua yeye. Ameifunga kwenye LiteAce lake la kubebea maziwa na ananipigia simu mara mbili kwa wiki.