Misuli nayo hutoa homoni
Nimesoma makala kuhusu homoni na misuli. Ni nzuri, ila mwandishi ametuachia picha kwamba misuli ni watumwa wa testosteroni (homoni ya kiume) tu: homoni ikipanda, misuli inatuna, basi. Siyo hivyo. Misuli iliyoshikamana na mifupa, ambayo kwa mtu mzima ni takriban asilimia 30 hadi 40 ya uzito, yenyewe pia hutoa homoni. Inapojikunja wakati wa mazoezi humwaga kwenye damu kemikali kama intaleukini-6, ambazo hupeleka taarifa hadi kwenye ini na mafuta ya mwili. Tena kuna miostatini, protini inayotolewa na misuli yenyewe, iliyogunduliwa 1997, ambayo kazi yake ni kuzuia misuli isikue kupita kiasi. Breki kabisa!

Nilitamani pia aguse insulini. Kwa kawaida ndiyo hufungua mlango glukosi (sukari ya damu) iingie kwenye misuli, lakini misuli inayofanya kazi huvuta sukari hata insulini ikiwa kidogo. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari huhimizwa atembee. (Anayejidunga insulini apime kwanza, sukari isije ikashuka mno.) Kortisoli, homoni ya msongo, nayo ikizidi kwa muda mrefu humomonyoa protini za misuli, hasa mapajani na mabegani.