Chukudu ya Goma haidumu kwa ustadi wa fundi peke yake

Kila vita inapowaka Kivu Kaskazini, mkoa wa mashariki mwa Kongo ambao Goma ndio mji wake mkuu, hawakosekani watu wa kuisifu chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na pedeli, kuwa ni ushahidi kwamba ufundi wa jadi hauuawi kwa bunduki. Sifa hiyo naikubali nusu.

Ni kweli kwamba kazi yenyewe haingoji bandari wala benki. Fundi huchonga mkaratusi au mti mwingine mgumu, huyavika magurudumu ya mbao vipande vya tairi kuukuu kwa misumari, hupigilia kipande cha kandambili pale mwendeshaji anapoweka goti, na breki huwa ni mpira unaokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Benki za Goma zilipofungwa baada ya waasi wa M23 kuuteka mji huo mwishoni mwa Januari 2025, kazi ya namna hiyo ilikuwa na unafuu ambao mwenye kiwanda hakuwa nao.

Lakini fundi huishi kwa fedha ya mnunuzi, na mnunuzi wake ni mtu wa njiani, anayeteremka kutoka Kibumba na Rutshuru, kaskazini mwa Goma, na viazi, kabichi na magunia ya makaa. Mapigano yalipofika Kibumba mwishoni mwa 2022, watu waliikimbia barabara hiyo, wengine wakiwa wamepakia magodoro na watoto juu ya chukudu zilezile. Asiye na mzigo wa kuuza hanunui chombo kipya. Hukitia viraka cha zamani. Na hata njia inapopitika, vizuizi vya wenye silaha hudai ushuru.

Lipo pia jambo ambalo wasifiaji hulikwepa. Sehemu kubwa ya makaa yanayopikiwa Goma hutoka katika Hifadhi ya Taifa ya Virunga, na makundi yenye silaha, likiwemo FDLR, kundi la waasi wa Kihutu wenye asili ya Rwanda, yamechuma fedha katika biashara hiyo kwa miaka mingi. Simlaumu mwendeshaji, maana naye ana watoto. Nasema tu kwamba chukudu imedumu kwa kiasi fulani kwa sababu vita nayo ina mizigo yake.

Tangu 2009 mwendeshaji wa chukudu ana sanamu yake ya rangi ya dhahabu mjini Goma. Mimi ningeona heri serikali ya Kongo na M23, wanaojadiliana Doha, waandike waziwazi, katika makubaliano yao, kwamba vizuizi vya barabara ya Rutshuru vitaondolewa na kwamba gunia la viazi lililo juu ya chukudu halitatozwa na yeyote mwenye bunduki.