Japani 4WD ni jembe la mkulima, kwetu ni kiti cha bosi

Pita vijiji vya Niigata au Nagano huku Japani mwezi wa Januari, theluji ikiwa imefika kiunoni kando ya barabara. Gari utakaloliona likipanda kwenda shambani si Land Cruiser. Ni keitora, kipikapu cha cc 660 chenye namba ya njano, dereva mzee wa miaka sabini na kitu, nyuma kuna koleo na magunia. Kwetu Tanzania ndugu yake tunamwita kirikuu, tunampakia matofali mpaka pua inatazama mawingu. Huku Japani, kirikuu chenye 4WD, yaani nguvu kwenye magurudumu yote manne, ndicho kinachoamua kama mzee ataendelea kuishi kijijini kwake au atahamia mjini kwa wanawe.

Nyumbani ukisema "gari la four-wheel", mtu anawaza Prado au V8 yenye vioo vyeusi. Anayekwenda Lushoto, Makete au Rungwe kila mwisho wa mwezi anajibana miaka kadhaa ili anunue gari la tani mbili na ushee, kisha wakati wa masika analiacha barabara kuu na kumalizia safari kwa bodaboda. Mimi naona tunanunua kinyume. Njia zetu za vijijini zinataka wepesi na wembamba kwanza, nguvu baadaye. Jimny la 2018, kijipu kidogo cha Suzuki, lina kilo zipatazo 1,030. Likitumbukia kwenye korongo, vijana wanne na gogo moja wanalitoa. Kwa Prado mtaanza kuuliza trekta liko wapi.

Udogo wa keitora na Jimny umetengenezwa na sheria na kodi. Daraja la kei, yaani magari madogo kabisa ya Japani, haliruhusu injini kuzidi cc 660 (tangu 1990), wala urefu kuzidi mita 3.40 na upana mita 1.48 (tangu 1998). Nguvu inaishia farasi 64 kwa makubaliano ya watengenezaji wenyewe. Anayekubali kubanwa hivyo analipa kodi ya yeni 10,800 kwa mwaka kwa kei la abiria, wakati gari jipya la cc 1500 ni yeni 30,500 na la cc 2700 ni yeni 50,000. Kei likivuka miaka 13 kodi inapanda hadi 12,900, na ukaguzi wa lazima wa kila miaka miwili unazidi kuwa mchungu. Ndiyo maana magari mazima kabisa yanasukumwa mnadani na kuishia kwetu.

Jimny lenyewe limeharibiwa na umaarufu. Lilipozinduliwa Julai 2018 bei ilianzia yeni 1,458,000 na foleni ikawa ndefu. Januari 2025 toleo la milango mitano linalounganishwa India, Nomade, lilipata oda kama 50,000 ndani ya siku chache, na kiwanda kilikuwa kimepanga kuuza 1,200 kwa mwezi. Oda zikasimamishwa. Kwa hiyo ukisikia "4WD ndogo ya bei nafuu", usiliwaze Jimny peke yake. Watazame pia majirani zake: Pajero Mini, Terios Kid, Toyota Cami, Escudo, na keitora.

Maandishi ya 4WD mgongoni mwa gari hayasemi jambo moja. Vitz, Passo au Swift ya 4WD inaendeshwa na magurudumu ya mbele. Yakianza kuteleza ndipo kifaa cha katikati kinapeleka nguvu nyuma. Kwa theluji ya mjini inatosha. Kwenye mlima wa tope jekundu inachelewa, na haina gia nzito. Tena kifaa kile kinataka tairi nne zenye uchakavu sawa. Ukifunga mbili mpya na mbili vipara, kama tunavyofanya, kinafanya kazi muda wote hata kwenye lami, kinapata moto na kufa. Jimny, Pajero Mini na Escudo ya muundo wa 2005 (si ule wa 2015) zina gia nzito, ile ya L. Kwenye Jimny inapunguza mwendo karibu nusu na kuongeza mvuto karibu mara mbili. Hapo ndipo injini ndogo inapopata kifua. Keitora ya shamba nayo ina L, na ukitafuta vizuri utapata yenye kufuli ya difu ya nyuma. Suzuki Carry ya aina hiyo imetengenezwa kwa kazi za shambani.

Kosa moja linaua magari haya nyumbani kuliko tope lenyewe: kuingiza 4WD kwenye lami kavu "ili gari litulie". Jimny halina difu ya katikati. Kwenye kona, magurudumu ya mbele yanazunguka njia ndefu kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo haina pa kutokea isipokuwa tairi liteleze. Lami hairuhusu kuteleza, kwa hiyo mzigo unaishia kwenye cheni na gia za boksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Usukani ukiwa mgumu na gari likirukaruka kwenye kona, toa 4WD hapo hapo.

Sasa uagizaji, na hapa ndugu zangu wengi wanaliwa. Anza na umri. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na Uganda imefunga mlango kwa yaliyozidi 15. Tanzania inapokea, lakini kuna ushuru wa uchakavu, na TRA, mamlaka ya mapato, wanatoza kwa thamani wanayoitambua wao, si ile ya risiti yako. Weka namba kwenye kikokotoo chao kabla ya kuingia mnadani. Kei kuukuu lililouzwa huku kwa bei ya baiskeli linaweza kufika bandarini Dar kwa bei ya gari.

Kisha karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari. Watu wanatazama daraja la hali ya gari tu, 4 au 3.5, wakiikwepa R kwa sababu maana yake ni ajali iliyotengenezwa. Kwa 4WD ndogo mimi naogopa zaidi herufi S na C kwenye mchoro wa gari. S ni kutu, C ni bati lililoliwa. Neno la Kijapani la kutu ni *sabi*. Likiandikwa kuhusu chini ya gari, acha. Magari yanayohitaji 4WD yanatoka mikoa ya theluji, na huko barabara zinamwagiwa chumvi kila baridi. Juu rangi inang'aa, chini chesisi inabomoka kama biskuti. Omba picha za chesisi nyuma ya magurudumu ya nyuma, vikalio vya springi, na kando ya gurudumu la mbele kulia, ambako namba ya chesisi ya Jimny imegongwa. Kutu ikiimeza namba hiyo, usajili wako utakuwa hadithi ndefu.

Magari hayo hayo huja na tairi za theluji. Mnunuzi anaona kashata nene anafurahi. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa baridi kali. Kwenye lami ya joto unayeyuka kama sabuni na breki inakwenda mbali. Soma tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, kisha panga pesa ya tairi nyingine tangu siku ya kwanza.

Jimny la kati ya 1998 na 2018, yaani muundo wa JB23 wa cc 660 na kaka yake JB43 wa cc 1300, lina magonjwa mawili yanayojulikana. La kwanza ni usukani kutetemeka kwa kishindo ukigonga shimo ukiwa kwenye kilomita 60 hadi 80 kwa saa. Mafundi wengi wanakimbilia kubadili shokapu ya usukani, linatulia wiki mbili, linarudi. Anza na balansi ya tairi, halafu bushi za fimbo inayoshikilia ekseli ya mbele ubavuni, halafu tairodi, halafu beringi za kingipini, pini ambazo gurudumu hugeukia, mbili kila upande. Ukiona grisi iliyochanganyika na oili inavuja kwenye kile kibakuli nyuma ya gurudumu, sili zimekwisha, na beringi hazina muda.

La pili: unaingiza 4WD, taa inawaka au inapepesa, lakini mbele hakuzunguki. Habu za mbele, zinazounganisha gurudumu na ekseli, hufungwa kwa mvuto wa hewa kupitia vihosi vyembamba. Vihosi vikipasuka au sili ikichoka, habu hazishiki, na badala ya hewa zinavuta maji na tope mpaka kwenye beringi. Kwetu kwenye mito ningefunga habu za kuzungusha kwa mkono siku ya kwanza. Utashuka garini na kuloa, lakini utajua kwa hakika kwamba zimeshika. Pia, JB23 kuanzia 2004 inaingiza 4WD kwa kitufe na mota. Ya kabla ya hapo ni ya mti wa gia, na Suzuki waliurudisha mti 2018. Kwa vumbi letu, mti.

Niseme ukweli kwa upande wa pili. Kei lina viti vinne, na kupanda mlima Kitonga na watu wanne na mizigo nyuma ya malori, farasi 64 ni wachache, hutapita mtu. Injini isiyo na tabo (turbo) inapoteza kama sehemu ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa hiyo keitora ya kawaida ikifika Makete imepungukiwa na karibu robo. Yenye tabo haisikii mwinuko sana, ila inadai oili safi kila kilomita 5,000, na kwenye vumbi kila 2,500. Huku muuza spea anaingiza namba ya chesisi na kesho kifaa kipo. Nyumbani utakisubiri. Ndiyo maana kwa familia ningechagua Escudo, na kwa mtu mmoja mwenye shamba mlimani JB43 ya gia za mkono.

Keitora usiiguse kama huwezi kuheshimu kilo 350. Ndiyo mzigo wake halali. Hiyo tani moja ya matofali inapinda chesisi na kuua beringi za nyuma, kisha lawama tunalitupia gari.

Na upepo wa tairi. Kibandiko cha mlangoni kwenye Jimny la cc 660 la 2018 kinasema kPa 160 mbele na 180 nyuma, yaani PSI 23 na 26. Jamaa wa kujaza upepo barabarani anaweka 35 kwa kila gari linalosimama mbele yake. Gari la tani moja likijazwa hivyo linaruka kama mpira na kuteleza kwenye tope ambalo lingelipita. Beba kipimo chako, mwambie aishie 26, na simama naye mpaka amalize.